Mafuta Katika Damu ya Bilan

Mwezi wa Ramadhani damu za watu wa Garissa huwa safi. Naimo Kerrow alilijua hilo kwa macho yake, maana alikuwa na miaka kumi na mmoja katika maabara ya hospitali ile ile, na kila mfungo aliona jambo lile lile. Kuanzia adhuhuri, watu wakiwa hawajatia kitu kinywani tangu daku, ukiizungusha damu kwenye mashine na chembe nyekundu zikatulia chini, maji yanayobaki juu hutoka ya manjano, maangavu, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Miezi mingine ndiyo yenye taabu. Miezi mingine watu huja wamekunywa maziwa ya ngamia na kula nyama iliyokaangwa kwa samli, na maji ya damu yao hutoka na ukungu.

Kwa hiyo siku ya kumi na saba ya mfungo, saa tisa na nusu alasiri, alipotoa kichupa cha Bilan Abshir kwenye mashine akaona maji yake ni meupe kama maziwa yenyewe, alisimama kidogo. Weupe wa namna ile alikuwa ameuona mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kwa wagonjwa wa kisukari walioletwa hawajitambui.

Akasoma fomu. Mwanamke, miaka ishirini na minane, mja mzito wa miezi saba, kutoka Bura. Maumivu makali chini ya kifua, yanapenya hadi mgongoni, anatapika tangu jana. Aliyeiandika ni Abdirashid, afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, na miongoni mwa vipimo alivyotaka kulikuwa na kile cha kongosho. Alikuwa na wasiwasi nalo. Mwandiko wake kwenye mstari ule ulikuwa umekandamizwa hadi karatasi ya pili.

Mashine ya vipimo ya pale hufanya kazi kwa mwanga. Huupenyeza mwanga ndani ya maji ya damu, ikasoma kiasi kilichotoka upande wa pili. Maji yakijaa mafuta, mwanga hutawanyika, na mafuta yenyewe huweza kukificha kile unachokitafuta, basi namba inayotoka ni ya kubahatisha. La kufanya linajulikana. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili hulijua. Unahamishia maji yale kwenye kichupa kidogo, unayazungusha kwa kasi kubwa robo saa, mafuta yanapanda juu na kuganda kama malai, kisha unapitisha ncha ya sindano chini ya utando ule na kuvuta maji yaliyosafika, polepole, usiutikise. Yakibaki na ukungu unarudia. Ukiwa bado na shaka unayazimua kwa maji ya chumvi, unapima tena na kupiga hesabu.

Mashine ya kasi ilikuwa moja tu, katika chumba cha akiba ya damu, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kuswali alasiri. Angerudi baada ya dakika ishirini, labda nusu saa. Dirishani walisimama watu kumi na wanne, midomo imekauka, joto limewakalia mabegani, kila mmoja anataka majibu yake ili awahi nyumbani kabla ya futari.

Palikuwa na njia ya pili, nyepesi kuliko ya kwanza: kumuuliza mgonjwa kama amekula. Naimo alifungua dirisha akamtafuta kwa macho. Alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mwanamke mrefu aliyejitanda shungi la kahawia, amejikunja juu ya tumbo lake, na pembeni mumewe, Khalif, amemshikia chupa ya maji ambayo haikufunguliwa. Kulia kwao na kushoto walikaa wanaume.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini kumuuliza mtu mzima mchana wa Ramadhani, mbele ya wanaume, kama amekula, ni kama kumvua nguo. Tena mja mzito ana ruhusa ya kutofunga. Bila shaka amekula, Naimo alijiambia; amekunywa maziwa kwa ajili ya mtoto, na ni haki yake. Akaona ni heri amsitiri. Akafunga dirisha.

Akaiweka sampuli kwenye mashine vile vile ilivyo. Namba ya kongosho ikatoka sabini na sita, namba ya mtu mzima wa afya. Chini yake Naimo akaandika kwamba sampuli ina mafuta mengi na kipimo kirudiwe mgonjwa akiwa hajala. Akapiga muhuri, akaita jina lililofuata.

Abdirashid aliiona namba kwanza. Yale maneno ya chini pia aliyasoma, lakini namba ilikuwa imeshamtua mzigo. Mtoto tumboni alikuwa anacheza vizuri na mlango wa uzazi haukuwa umefunguka, basi akamwandikia Bilan dawa za vidonda vya tumbo, akamwambia apumzike na arudi baada ya siku mbili, asubuhi, kabla ya kula, damu itolewe upya. Bilan alimtazama mumewe, akatazama chini.  Wakapanda gari la jioni la kurudi Bura.

Asubuhi ya pili Naimo alifungua friji ili atoe vichupa vya jana vikatupwe. Alipofika kwa kile cha Bilan, mkono ulisita. Usiku kucha mafuta yalikuwa yamepanda, yakaganda juu, utando mzito unene wa kidole, na chini yake bado palikuwa na ukungu. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha upande huu na upande ule. Utando haukusogea. Mtu aliyekunywa bilauri ya maziwa hapati utando wa kimo kile. Hata aliyekula mbuzi mzima hapati.

Chumba cha akiba ya damu kilikuwa wazi. Alizungusha robo saa, akapitisha sindano chini ya utando, akavuta. Akazungusha tena, akavuta tena. Mara ya tatu maji yalitoka ya manjano. Akayaweka kwenye mashine, na mashine ikakataa kusoma: namba ilikuwa juu ya kiwango chake. Akazimua mara kumi, akapima, akapiga hesabu kwa kalamu pembeni mwa daftari, kisha akaipiga tena kwa sababu hakutaka kuiamini ya kwanza. Elfu moja mia tisa na arobaini. Kongosho la mwanamke yule lilikuwa linajitafuna lenyewe, tena tangu jana, tangu alipokuwa amekaa hatua nne kutoka dirishani.

Alivua glavu, akatoka na karatasi mkononi. Abdirashid alikuwa anamaliza zamu. Aliisoma amesimama, kisha akaketi juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa.

"Jana ilikuwa sabini na sita," akasema.

"Jana nilipima mafuta," Naimo akamjibu. "Leo nimepima damu."

Simu ya Khalif haikupatikana. Walijaribu mara tisa. Hatimaye Abdirashid akampata Sadia, muuguzi wa zahanati ya Bura, naye akaenda mwenyewe kwa miguu hadi nyumbani kwa Weris, mama yake Bilan, maana ndiko alikolazwa. Alimkuta juu ya mkeka, macho yamefunguka lakini hayamfahamu mtu, pumzi fupi fupi, na dawa za vidonda zimepangwa vizuri juu ya sanduku. Gari la wagonjwa liliondoka Garissa saa nne. Kwenda kuna mchanga, kurudi kuna mchanga na mgonjwa. Walifika alasiri.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji wakati muadhini akiadhini magharibi. Alikuwa msichana, kilo moja na nusu, akalia. Watu waliokuwa wamekaa kwenye varanda na tende mkononi waliambiwa, wakamshukuru Mungu, wakafuturu.

Bilan aliishi siku nne nyingine. Naimo hakumruhusu mtu mwingine kugusa sampuli zake. Kila asubuhi alikwenda mwenyewe chumba cha wagonjwa mahututi, akatoa damu kutoka mkono uliovimba, akashuka nayo maabara, akaizungusha, akavuta maji chini ya utando, akapima. Waganga walikuwa wamemwekea dripu ya insulini ya kushusha mafuta, na kweli yakashuka. Siku ya kwanza utando ulikuwa unene wa kidole, ya pili nusu yake, ya tatu ukawa kama karatasi. Lakini kadiri mafuta yalivyopungua ndivyo namba nyingine zilivyoharibika. Figo zilifunga. Mapafu yakajaa maji. Siku ya nne damu ilitoka safi, maji yake ya manjano matupu, haikuhitaji kusafishwa kitu. Naimo alikaa akiitazama. Alikuwa bado hajaiweka kwenye mashine alipopigiwa simu kwamba asijisumbue.

Walimzika Bura alasiri ile ile, wakiwahi kabla ya magharibi.

Hospitali iliunda kamati. Naimo aliandika kurasa mbili kwa mkono, akaeleza yote, pamoja na ufunguo, pamoja na watu kumi na wanne dirishani, na pamoja na lile swali ambalo hakuuliza. Kamati ilikaa asubuhi moja. Ikasema kwamba onyo liliandikwa kwenye majibu, kwamba ugonjwa ule huua hata ukitambuliwa mapema, kwamba uchongwe ufunguo wa pili, na kwamba kuanzia sasa sampuli yenye mafuta isitolewe namba kabla ya kusafishwa. Mkuu wa maabara alimwambia amshukuru Mungu, kazi yake ipo. Naimo alishukuru. Kwa wiki tatu baada ya hapo hakulala usiku hata mmoja bila kuamka akiwa amekunja vidole kana kwamba ameshika sindano.

Idd ilipopita aliomba siku mbili za likizo, akaenda Bura. Sadia alimpokea stendi, akamwongoza hadi nyumbani kwa Weris. Njiani alimuuliza kama ana hakika na anachokwenda kufanya, maana watu wale hawakuwa wamemlaumu yeyote. Walikuwa wamesema ni siku yake imefika. Naimo akasema hiyo ndiyo sababu.

Walikaribishwa ndani, wakapewa chai. Weris alikuwa mwanamke mkavu, mnyoofu, uso umechorwa na jua. Khalif alikuja akakaa karibu na mlango, mtoto amelala kwenye paja lake, amefungwa kitambaa cha kijani. Ugbad, dada yake Bilan, alisimama nyuma ya pazia lililotenganisha vyumba viwili, akisikiliza. Naimo alitoa pole, akaomba dua pamoja nao. Kisha akazungumza kwa Kisomali, kwa maneno mepesi. Aliwaambia yeye ndiye aliyepima. Akawaambia damu ilikuwa nyeupe, na kwamba alijua la kufanya na hakulifanya. Akasema alidhani Bilan amekula, akaona haya kumuuliza.

 Alipomaliza, Khalif alimrekebisha mtoto kitambaa kichwani, ingawa hakikuhitaji kurekebishwa.

"Alikuwa amefunga," akasema. "Nilimkataza, akasema mwezi umeshapita nusu, hataki kuja kuzilipa siku zake peke yake. Garini aliniuliza, mimi nimefunga, hawa wanataka nifunge nini tena? Nikacheka." Akamtazama mtoto. "Nilicheka, naye alikuwa anakufa."

Naimo alisema anaomba msamaha.  Khalif aliinuka na mtoto wake, akatoka, akavuka ua hadi kwenye zizi la mbuzi, akasimama huko amewapa mgongo.

Weris ndiye aliyesema. Alitaka kujua huo weupe unatoka wapi. Naimo akamweleza kwamba kuna watu ambao miili yao haiwezi kuyayeyusha mafuta, huzaliwa hivyo, huishi bila kujua, na mimba ikija mafuta huzidi, yakafurika. Weris akauliza kama ni jambo la ukoo. Naimo akasema mara nyingi, ndiyo.

"Dada yangu mkubwa alikufa Kotile, na mimba ya miezi minane," Weris akasema. "Alishika hapa, hapa alipokuwa akishika Bilan. Siku mbili tu. Tukasema ni jicho. Kulikuwa na mwanamke jirani aliyekuwa amemsifu nywele zake, na mpaka mwanamke yule akafa hatukumwamkia tena." Alikunja kona ya leso yake. "Miaka thelathini. Na hakuwa na kosa lolote."

Kisha akamwita Ugbad kwa jina. Ugbad alitokeza nyuma ya pazia, mdogo kwa Bilan kwa miaka miwili, sura ile ile, na chini ya shungi tumbo lilikuwa limeanza kujitokeza. Naimo hakuwa ameambiwa. 

Alikuwa amekuja na kisanduku cha baridi chenye sindano na vichupa, lakini alikiacha zahanati kwa Sadia. Alipokuwa akifunga safari alikiona ni jambo la busara. Alipofika Bura akaona ni aibu, mtu aliyeua kwa damu kuja kudai damu nyingine. Sasa alisema kwa shida kwamba angependa kumpima Ugbad, si lazima iwe leo, wanaweza kumpeleka hospitali nyingine yoyote, kwa mtu mwingine yeyote.

Weris aliikunjua kona ya leso yake.

"Vitu vyako viko wapi?"

"Zahanati, hooyo," Naimo akasema, akimwita mama.

"Kavilete."

Ugbad alikuwa ameshakunja mkono wa nguo kabla hawajarudi. Safari hii Naimo aliuliza kila kitu: alikula nini, lini, alikunywa nini, kuna nani mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua tumbo. Ugbad alijibu bila kumtazama. Sadia alikuwa na mashine ndogo ya kuzungushia damu pale zahanati. Waliipeleka damu huko, wakasubiri wote wawili wamesimama. Maji yalitoka meupe, si kama ya Bilan, yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele, lakini meupe.

Ugbad aliwekwa chini ya daktari wa Garissa tangu wiki ile. Alikatazwa samli na nyama yenye mafuta, na maziwa ayanywe yaliyotolewa mafuta yote. Nyumbani kwao, ambako upendo kwa mgeni hupimwa kwa mafuta yaliyoelea juu ya chai, lilikuwa neno gumu. Weris alianza kumkorogea maziwa mwenyewe, akaitoa siagi yote na kuwapa majirani, na mwanamke aliyewahi kumdhihaki kwa kumnyima mja mzito chakula alifukuzwa uani. Kila wiki ya pili Ugbad alikuja kupimwa. Mume wake alikuwa Mandera na malori ya mifugo, harudi ila kwa miezi, kwa hiyo aliyemleta ni Khalif.

Khalif hakuingia maabara. Alimshusha Ugbad getini, akangoja chini ya ukuta, mara nyingine na mtoto mkononi, mara nyingine peke yake. Naimo akipita alimsalimu, naye aliitikia salamu, maana salamu haikatazwi. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Naimo alisafisha kila sampuli ya Ugbad hata zile ambazo wenzake walisema hazihitaji, akaandika namba mbili, ya kabla na ya baada, akazipeleka kwa daktari kwa mkono wake.

Mwezi wa nane wa mimba mafuta yalipanda ghafla. Namba ya kongosho ilikuwa bado chini, lakini daktari hakutaka kungoja. Alimlaza Ugbad siku ile ile, akamwekea dripu, na baada ya siku kumi na mbili akazalishwa mtoto wa kiume, mtoto akiwa hai, na mama akiwa hai. Habari zilipofika maabara Naimo alikuwa anapanga vichupa. Alivipanga vyote mpaka cha mwisho, kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akalia kwa sababu ya Bilan. Alikuwa hajamlilia hadi siku hiyo.

Walipokuwa wakiondoka, Khalif alikuja dirishani. Aliegemeza mkono kwenye kingo, akatazama ndani, mashine, viti, friji, kama mtu anayetaka kupajua mahali.

"Kule nyumbani ulisema unaomba msamaha," akasema. "Nimeshamwambia Mungu kwamba nimekusamehe. Namwambia kila swala. Lakini nikikuona wewe, bado siwezi."

Naimo akasema anaelewa, na kwamba hamdai hilo.

"Mtoto wangu naye atapimwa hapa?"

"Akifikisha mwaka. Au apelekwe kwingine, ukipenda."

Khalif alifikiri. Nje Weris alikuwa anamwita, gari limejaa, kitoto cha Ugbad kinalia.

"Nitamleta hapa," akasema, akaondoka.